Nani Anasoma Meseji Zako za Pesa? Jinsi Sheria za Mbali Zilivyobadilisha Apu za Hapa Kwetu

Fungua meseji kwenye simu yako utafute moja yenye OTP, ile namba ya siri ya kutumia mara moja ambayo apu hukutumia ikitaka kuhakikisha kwamba wewe ndiwe wewe. Isome mpaka mwisho. Kwenye baadhi ya meseji hizo utakuta mkia wa herufi na tarakimu zilizochanganyika, kama vile mtoto ameshika simu akabonyezabonyeza. Ukizihesabu, ni 11. Kuna wateja wanaodhani mtambo umekosea, na wengine hutuuliza kama simu imedukuliwa.

Hapana, mtambo haujakosea na simu haijadukuliwa. Ule mkia ni kama anwani kwenye bahasha. Unaiambia simu kwamba meseji hii, hii moja tu, ni ya apu fulani, kwa hivyo apu hiyo iruhusiwe kuisoma. Zile nyingine zote, ikiwemo ya mamako akikuambia ametuma pesa ya matumizi, apu haizioni. Wahandisi wengi wa programu hawakuanza kuandika meseji hivi kwa kupenda kwao. Walisukumwa, na aliyewasukuma yuko mbali sana na Meru.

Tunataka kueleza hadithi hiyo leo, na tumeamua kuieleza tukiwa tumesimama Nchiru. Mbona Nchiru? Ukitoka Meru mjini ukashika barabara ya Maua, ile ambayo pickup za miraa huteremka kwa kasi zikiwahi Nairobi, unafika Nchiru kabla hujachoka kukaa kwenye matatu. Hapo ndipo palipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichopata hati yake mwaka 2013. Kwenye barabara moja unampata mama wa kibanda anayelipwa chapati kwa simu, mwenye hosteli anayengoja kodi, kijana wa boda pale steji, na mwanafunzi wa kompyuta anayeandika apu usiku kucha. Anayetumia na anayetengeneza ni majirani. Sheria ya apu ikibadilika California, wote wawili wanaisikia, hata kama hawajui imetoka wapi.

Meseji iligeuka kuwa karatasi ya benki

M-Pesa ilipoanza Machi 2007, kila muamala uliacha meseji nyuma yake: umepokea kiasi gani, kutoka kwa nani, saa ngapi, salio ni ngapi. Lengo lilikuwa risiti tu. Lakini kwa mtu asiye na payslip wala akaunti ya benki, hizo meseji zilikuja kuwa daftari pekee la maisha yake ya pesa. Aliyetaka kujua kama mama wa kibanda anaweza kulipa mkopo wa shilingi elfu tatu, jibu lilikuwa humo ndani.

M-Shwari ilipokuja Novemba 2012, ilikuwa ni Safaricom pamoja na benki ya CBA. Hawakuhitaji kusoma meseji zako kwa sababu rekodi zenyewe walikuwa nazo ndani ya mtambo. Ugumu ulikuwa kwa wale wa nje. Kati ya 2014 na 2015 ziliingia kampuni za mikopo zenye makao California: Tala, ambayo siku hizo wengi waliijua kwa jina la Mkopo Rahisi, na Branch. Hawa hawakuwa na mlango wa kuingia kwenye rekodi za kampuni ya simu. Wakaona mlango mwingine: meseji ziko kwenye simu ya mteja, na simu ni ya Android. Ukimwomba mteja ruhusa, apu yako inaweza kuzisoma zote, inajumlisha, inatoa, kisha inaamua kama utapewa mkopo na wa kiasi gani.

Sisi hatuoni kwamba wazo lenyewe lilikuwa baya. Watu wengi ambao benki haikuwa na haja nao walipata mkopo wao wa kwanza kwa njia hiyo. Shida ilikuwa mazoea yaliyozaliwa humo.

Hadi Android 6 ilipotoka mwaka 2015, ukiweka apu ulikuwa unakubali kila kitu kwa mpigo mmoja. Orodha ndefu inatokea, unabonyeza “Kubali”, basi. Na wahandisi, tuseme ukweli, walizoea. Mtindo ulikuwa chukua yote, tutajua baadaye yanafanya kazi gani: meseji, namba ulizohifadhi, picha, mahali ulipo. Kuhifadhi data kulikuwa rahisi, na hakuna aliyeuliza. Hata baada ya Android kuanza kuuliza ruhusa moja moja, mhandisi aliyetaka kukwepa angeweza kuendelea kutengeneza apu yake kana kwamba ni ya simu za zamani, na simu mpya ingemtii.

Sasa chukua mfano wa mwanafunzi hapo Nchiru. Pesa za HELB zimechelewa, mwenye hosteli amegonga mlango mara mbili. Anaweka apu aliyoiona kwenye tangazo, anabonyeza “Kubali” kila mahali, anapata Sh2,000. Siku ya kulipa inafika, hana. Kufikia jioni, mjomba wake amepigiwa simu. Kisha mwalimu wake wa zamani. Kisha mwenye hosteli mwenyewe, ambaye sasa anajua mambo mawili: kwamba kodi haijapatikana, na kwamba kijana amekopa kwingine. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa mdhamini. Namba zao zilikuwa kwenye simu tu, na apu ilishazibeba ikaenda nazo kwenye seva isiyojulikana iko wapi.

Wakenya wengi wamepitia hayo. Unaweza kulipa deni lakini huwezi kumfuta mjomba ile simu aliyopigiwa.

Mwaka 2018 upepo ukageuka

Mwaka huo mambo kadhaa yalifuatana. Machi, ulimwengu ulisikia jinsi kampuni ya Cambridge Analytica ilivyopata data za mamilioni ya watu kwenye Facebook, na jina la Kenya likatajwa kwa sababu kampuni hiyo ilikuwa imefanya kazi kwenye kampeni za uchaguzi hapa. Mei 25, sheria kali ya data ya Ulaya ikaanza kutumika. Halafu Oktoba 8, Google ikatangaza kwamba apu zilizo kwenye Play Store hazitaruhusiwa tena kusoma meseji na rekodi za simu ulizopiga, isipokuwa zile ambazo kazi yake yenyewe ni meseji au simu, pamoja na chache zenye sababu maalum zitakazoomba kibali na kukaguliwa. Mapema 2019, apu ambazo hazikuwa zimetii zikaanza kuondolewa.

Jaribu kufikiria hilo lilimaanisha nini kwa timu ya wahandisi iliyojenga biashara nzima juu ya kusoma meseji. Ni kama fundi aliyejenga nyumba juu ya msingi wa jirani, na jirani sasa anataka kiwanja chake. Tena hakuna wa kumlilia. Google si bunge ambalo unaweza kwenda kutoa maoni. Inatangaza, inakupa muda, na siku ikifika apu yako inatoka dukani.

Mwaka huo huo mlango wa kukwepa nao ulifungwa. Google ilianza kudai kwamba apu mpya, na baadaye mwaka huo hata masasisho ya apu za zamani, zitengenezwe kwa kufuata masharti ya Android 8 au zaidi. Tangu hapo kiwango hicho kimekuwa kikipandishwa mwaka baada ya mwaka. Ndiyo sababu apu yako inakuambia “Sasisha” hata kama wewe huoni kilichobadilika. Kilichobadilika mara nyingi kiko chini ya sakafu. Ndiyo sababu pia simu ya zamani sana hufika mahali ikaachwa nyuma. WhatsApp, kwa mfano, iliacha kufanya kazi kwenye Android 4.4 mwanzoni mwa 2025. Tunajua inauma, hasa kama simu bado inashika chaji vizuri.

Wahandisi walifanyaje? Baadhi ya kampuni ziliomba kile kibali maalum, na zipo zilizokipata. Kwa zile zilizotaka meseji kwa ajili ya OTP tu, suluhisho lilikuwa ule mkia wa herufi 11. Apu haiombi ruhusa yoyote. Seva inaandika meseji, inaweka mkia mwishoni, simu inautambua na kuikabidhi apu hiyo meseji moja. Ni kama tofauti kati ya kumpa mgeni ufunguo wa nyumba na kumletea kiti nje.

Wengine wakahamia kwenye madaraja. Safaricom ilikuwa imefungua huduma inayoitwa hivyo hivyo, Daraja, mwaka 2017, ambayo inawezesha programu ya mtu mwingine kuzungumza na mtambo wa M-Pesa moja kwa moja. Kile kisanduku kinachojitokeza kwenye simu yako kikikuambia uweke PIN ili umlipe mwenye duka hupitia huko. Ukitaka kujua kama kijana amesomea kutengeneza apu hapa Kenya, mtajie namba 174379. Ni namba ya paybill ya majaribio ya Daraja. Atacheka, kwa sababu ameilipa shilingi moja moja mara nyingi kuliko alivyolipia chakula.

Hapo ndipo tofauti ya kazi inapoonekana. Mwanafunzi wa Nchiru aliyetaka kutengeneza apu ya chama miaka kumi iliyopita angeweza kufanya njia ya mkato: apu isome meseji za mweka hazina, ichuje zile za michango, ipige hesabu. Ilifanya kazi, mpaka siku maneno ya meseji yalipobadilishwa kidogo na hesabu yote ikaharibika. Leo anaanza na daraja: anaomba namba ya chama, anapokea taarifa ya kila mchango ikitoka kwenye mtambo wenyewe, na simu ya mweka hazina haiguswi. Ni kazi ndefu zaidi, ina fomu za kujaza na majibu ya kungoja. Lakini mweka hazina akibadilisha simu, chama hakipotei.

Kuna jambo moja halitufurahishi katika mabadiliko haya. Kampuni zilizonyimwa meseji, baadhi zimeanza kumwomba mteja apakie taarifa yake ya miamala ya M-Pesa pamoja na ule msimbo wa kuifungua. Ni halali, na unatoa kwa kujua. Lakini faili hiyo ina kila kitu: daktari uliyemlipa, kanisa unalotoa sadaka, mtu unayemtumia pesa kila Ijumaa. Mlango wa nyuma umefungwa, na sasa unaombwa upitishe kabati nzima kwa mlango wa mbele. Usitoe faili hiyo kwa kampuni ambayo hujaikagua.

Halafu upepo ukatoka kwetu

Usidhani kila kitu huamuliwa ng'ambo. Agosti 2019 Google ilipiga marufuku apu za mikopo zinazodai deni lote lilipwe ndani ya siku 60 au chini ya hapo. Novemba mwaka huo Kenya ikapata Sheria ya Kulinda Data. Desemba 2021 sheria ya Benki Kuu ikarekebishwa ili wakopeshaji wa mtandaoni wawe chini yake, na kanuni zikatoka Machi 2022. Zilikataza wazi mambo ya vitisho, matusi na kuwapigia watu walio kwenye simu ya mkopaji ili kumwaibisha. Kufikia Septemba 2022 kampuni 288 zilikuwa zimeomba leseni. Zilizopewa siku hizo ni 10. Orodha hiyo imeendelea kuongezeka na sasa imepita mia moja.

Sasa angalia kilichofuata. Kuanzia 2023, masharti ya Google yenyewe yanaitaja Kenya kwa jina: apu ya mkopo inayotaka kuonekana kwenye Play Store hapa nchini ni lazima ionyeshe leseni ya Benki Kuu ya Kenya. Kilio cha Wakenya kilifika kwenye kitabu cha sheria cha kampuni ya Marekani. Na kuanzia mwisho wa Mei 2023, Google ikazikataza apu za mikopo, dunia nzima, kugusa namba ulizohifadhi na picha zako. Yule mjomba wa mwanafunzi wetu alipata kinga yake hapo, angalau kwa apu zinazopita dukani.

Mwaka huo huo Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data ikaonyesha kwamba meno yake yanauma. Whitepath, kampuni ya mikopo ya simu, ilitozwa faini ya Sh5 milioni. Mulla Pride, wenye apu za KeCredit na Faircash, wakatozwa Sh2,975,000 baada ya watu kulalamika kwamba namba zao zilitumiwa kuwapigia na kuwatumia meseji za vitisho. Kwa mhandisi wa programu, faini kama hiyo inabadilisha mazungumzo ofisini. Zamani bosi angeuliza, “Tunaweza kuchukua data gani nyingine?” Siku hizi swali la kwanza huwa, “Tunahitaji hii kweli? Tukiulizwa, tutajibu nini?” Hata sisi tukipanga kitu kipya, mjadala wa ruhusa huja kabla ya mjadala wa rangi na vitufe.

Matapeli nao walihama

Mlango wa Play Store ulipobanwa, wezi hawakuacha kazi. Walihamia WhatsApp, Telegram na tovuti. Unatumiwa faili, jina lake linaishia na .apk, na maneno matamu: mkopo bila CRB, ajira ya shambani Kanada, basari ya muhula huu. Ukiifungua, apu inajiweka kwenye simu bila kupitia duka lolote, na bila mtu kuikagua. Kisha inaomba ruhusa mbili tatu, na moja ni ya kusoma meseji.

Mwizi haitaki meseji yako ili ajue mapenzi yako. Anataka OTP. Akishakuwa na namba yako ya simu, na apu yake iko ndani ya simu yako ikisoma kila meseji inayoingia, anaweza kujaribu kuingia kwenye akaunti zako akiwa amekaa kwake, na OTP ikija anaiona mara moja na wewe. Hahitaji kukupigia akijifanya ni mtu wa huduma kwa wateja.

Hapo tena kuna mabadiliko ya dunia yaliyofika hadi kwetu kimyakimya. Mapema 2024 Google ilianza majaribio Singapore: ukijaribu kuweka apu iliyotoka nje ya duka, na apu hiyo inataka ruhusa zinazotumiwa sana na matapeli, kama kusoma meseji, simu inaizuia papo hapo. Kufikia mwisho wa mwaka huo majaribio yalikuwa yameenea katika nchi kadhaa, Kenya ikiwemo. Kwa hivyo ukiona simu imekuambia apu fulani imezuiwa, na aliyekutumia anakuelekeza jinsi ya kuzima ulinzi huo ili iingie, usibishane naye. Mblock.

Mhandisi mwaminifu naye anaumia kidogo hapa. Yule mwanafunzi aliyezoea kuwatumia marafiki apu yake kwa WhatsApp ili waijaribu, sasa simu zao zinaikataa kama imeomba ruhusa isiyofaa. Inambidi aiandike upya bila ruhusa hiyo. Kusema kweli, ni somo zuri kulipata akiwa bado chuoni.

Kagua simu yako leo

Ingia kwenye Mipangilio, kisha sehemu ya Faragha, kisha kwenye kidhibiti cha ruhusa. Majina hutofautiana kidogo kati ya Tecno, Samsung na Infinix, lakini utaipata. Chagua SMS. Utaonyeshwa kila apu yenye ruhusa ya kusoma meseji zako. Ile unayotumia kuandikia meseji lazima iwepo. Apu ya tochi ikiwepo, au ya mchezo wa mpira, au ya mkopo uliyoisahau tangu muhula wa kwanza, iondolee ruhusa kisha uifute. Rudia hivyo kwa namba ulizohifadhi. Wenye iPhone mnaweza kuruka ya SMS, kwa sababu apu za kawaida huko hazijawahi kupewa ruhusa ya kusoma meseji zenu.

Kama apu ni ya mkopo, angalia jina la kampuni, si jina la apu, kwenye orodha ya waliopewa leseni katika tovuti ya Benki Kuu. Majina haya mawili mara nyingi hayafanani, na hapo ndipo watu huteleza. Na kama namba yako imetumiwa kumsumbua mtu mwingine, au wewe ndiye unayesumbuliwa kwa deni lisilo lako, tunza meseji zote na rekodi za simu, kisha upeleke malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data kupitia odpc.go.ke. Hulipi kitu kulalamika.

Na nyinyi wenye mulika mwizi, tunajua mko wengi, kuanzia Nchiru mpaka Mikinduri. Kabambe haina apu za kusoma meseji, kwa hivyo mengi ya haya hayawahusu. Ukipiga *334#, huachi ruhusa yoyote nyuma yako. Kwenu anayeweza kusoma meseji ni yule mliyemkabidhi simu mkononi, kwa hivyo mkimpa kijana awasaidie kutoa pesa, ingizeni PIN wenyewe.